Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi wa Marekani: Mafao yasikatwe na kalenda

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni dereva ninayeitwa na abiria kupitia simu. Machi 2020, korona iliposambaa, abiria waliisha ndani ya wiki moja. Kwa kawaida mtu kama mimi, asiye na mwajiri, hapati mafao ya kukosa kazi. Sheria ya CARES, ya msaada wa dharura, iliyotiwa saini 27 Machi mwaka ule, ilitufungulia mlango. Nikajaza fomu, kisha nikasubiri wiki tisa, simu ikiita bila kupokelewa.

Siwalaumu makarani. Katika wiki moja ya mwisho wa Machi maombi mapya yalipita milioni 6 nchi nzima, ilhali rekodi ya awali, ya 1982, haikufika laki saba. Gavana wa New Jersey alisimama hadharani kuomba wajuzi wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa 1959, ambayo mitambo ya mafao bado iliitegemea!

Uchakavu huohuo wa mitambo ndio uliotuletea ile nyongeza ya dola 600 kwa wiki juu ya mafao, iliyozua kelele. Ni kweli wengi walipata zaidi ya mishahara yao. Lakini mitambo ya majimbo haikuweza kumkokotolea kila mtu asilimia ya kipato chake, ikabidi wote tupewe kiasi kimoja. Ukaguzi nao ukalegea: Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ilikadiria wizi wa kati ya dola bilioni 100 na 135. Halafu sisi waombaji wa kweli ndio tuliotazamwa kwa jicho la wezi.

Kilichoniuma zaidi ni tarehe. Dola 600 zilikoma mwisho wa Julai 2020, ukosefu wa ajira ukiwa bado juu ya asilimia 10. Ukaja msaada wa wiki chache kutoka mfuko wa maafa, kisha hakuna nyongeza hadi mwisho wa Desemba, zilipopitishwa dola 300. Mwaka uliofuata karibu nusu ya majimbo yalijitoa mapema, na 6 Septemba 2021 mipango yote ya dharura ikafungwa. Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi ya hapa Marekani, sijui nani aliichagua.

Najua sheria hutungwa na Kongresi, lakini pendekezo laweza kutoka mezani kwako. Nyongeza ianze yenyewe kiwango cha wasio na kazi kinapopanda, na ipungue kinaposhuka, pasipo kungoja wabunge wakubaliane. Mpango wa namna hiyo upo tangu 1970, ila hupima kwa kulinganisha na miaka miwili iliyopita, hivyo shida ikidumu huonekana kama imekwisha. Kodi ya shirikisho inayochangia mfuko wa mafao haya nayo hutozwa kwenye dola 7,000 za kwanza tu za mshahara wa mwaka, kiwango kilekile cha 1983.

Na sisi tusio na mwajiri tuingizwe moja kwa moja, tukichangia kama wengine. Mimi niko tayari kukatwa kuanzia safari ya kesho asubuhi.

Wako,
Dereva