Barua kwa mwanangu: usimwache mgonjwa aning'inie

Mwanangu,

Marahaba. Umesema Jumatatu unakabidhiwa wagonjwa wa kiharusi kwenye Lokomat, ile roboti ya Uswisi ya kufundishia kutembea, inayomning'iniza mgonjwa kwa kamba juu ya mkanda unaozunguka huku miguu ya chuma yenye mota ikisogeza ya kwake, na unauliza uanze na nini. Anza na futi, ile ya fundi cherehani.

Pima paja kuanzia nundu ya mfupa iliyo pembeni mwa nyonga hadi kwenye kiungo cha goti, kwa upande wa nje. Kipimo hicho ndicho unachoweka kwenye mguu wa chuma, ili egemeo la mashine lilingane na kiungo cha mtu. Vikipishana, kila hatua inasugua vifungo kwenye ngozi, na mguu uliopooza mara nyingi hauhisi vizuri. Mgonjwa atanyamaza huku anachubuka. Kila ukimfungua, tazama paja na muundi kwa macho yako.

Presha ipime amelala, amekaa, na tena akiwa ameshaning'inizwa. Aliyelala kitandani muda mrefu huweza kushuka presha ghafla akisimamishwa: anapauka, anatoka jasho, majibu yanachelewa. Ukiona hivyo mshushe, usimbembeleze amalizie dakika zake. Mkono uliopooza uegemeze, na kamwe usimvute kwa mkono huo wala kumnyanyua kwapani. Bega lake limelegea, likiteguka atateseka miezi.

Ukishawasha, una vitu vitatu vya kurekebisha: uzito unaobebwa na kamba, nguvu ya kuongoza miguu, na kasi. Kwa asiyeweza kusimama, waweza kuanza na kamba zikibeba kama 40% ya uzito wake, nguvu ya kuongoza 100%, kasi kilomita 1.5 kwa saa. Hapa ndipo wengi hukosea, wanaacha hivyo wiki hadi wiki kwa kuwa mwendo unapendeza. Unapendeza kwa sababu mota ndizo zinazotembea! Mgonjwa ametundikwa kama kanzu kwenye msumari, na msuli usiosukuma hauongezeki nguvu.

Basi punguza. Uzito unaobebwa na kamba upunguze 5% kwa wakati mmoja, macho yako yakiwa kwenye goti la mguu unaokanyaga. Likianza kukunjika, au vidole vikikwaruza mkanda, rudisha kidogo. Akizoea, shusha nguvu ya kuongoza, umwambie asukume chini na avute goti mbele. Kasi iongeze polepole.

Kifundo cha mguu hakina mota. Kinainuliwa na mikanda yenye springi, kwa hiyo mazoezi yote yanaisha bila msuli wa kuinua unyayo kutoa jasho. Ndiyo maana mtu anatembea vizuri ndani ya mashine, akitoka anaburuza vidole sakafuni. Kazi hiyo ifanye nje, kwa mikono yako.

Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yenye majaribio 62 na wagonjwa 2,440, yalionyesha kwamba roboti pamoja na fiziotherapia huongeza nafasi ya mtu kutembea bila kushikwa. Wanaofaidika zaidi ni walio ndani ya miezi 3 ya mwanzo na wasioweza kutembea kabisa. Shika hilo neno "pamoja". Anayetembea tayari, mazoezi ya ardhini na ngazi yatamfaa zaidi.

Kwa nguvu za mguu, sina zoezi ninalolipenda kuliko kusimama kutoka kwenye kiti. Mguu uliopooza urudishwe nyuma kidogo ya mwenzake, mikono isivute kitu, mara 10, apumzike, arudie mizunguko 3. Akishindwa, inua kiti kwa mto mgumu. Weka mizani mbili za bafuni, moja chini ya kila unyayo. Mtu wa kilo 70 anaweza kusimama vizuri tu machoni pako, kumbe mguu uliopooza umebeba 18 na mzima 52. Mwonyeshe namba hizo, naye mwenyewe ataanza kuegemea upande wa pili.

Jumatatu jioni niandikie mizani zilisoma ngapi, ukianza na ya mguu uliopooza.