Ganzi ya miguu isipuuzwe

Mhariri,

Ganzi na hali ya kuchomwachomwa nyayoni husingiziwa uzee, kumbe wakati mwingine ni upungufu wa vitamini B12. Mwili huihitaji kutunza utando unaofunika mishipa ya fahamu (neva). Utando huo ukiharibika, ganzi hupanda kutoka vidoleni, mtu huyumba akitembea gizani, hata kumbukumbu hufifia.

Wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama wamo hatarini, na wazee pia. Lakini wanaoniuma zaidi ni wenye kisukari waliotumia metformini kwa miaka. Dawa hiyo (nzuri, wasiiache!) huweza kupunguza B12 mwilini, na ganzi ikija, kisukari ndicho hulaumiwa na damu haipimwi.

Kujinunulia vidonge ovyo nako si tiba. Asidi ya foliki, vitamini nyingine ya kundi B, ikitumiwa peke yake huweza kurekebisha upungufu wa damu uletwao na ukosefu wa B12 huku neva zikizidi kuumia, na vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva.

Nawasihi madaktari wapime B12 mapema. Sindano au vidonge vyake husaidia sana, ila matibabu yakichelewa, madhara mengine hubaki maishani.

Msomaji wenu