Wamemnyoa kabla ya kesi

Mhariri,

Mdogo wangu ni rasta, si wa fasheni, ana imani yake, nyama hali na nywele hajakata miaka tisa. Mwezi jana kashikwa kwenye msako, ati anazurura, na kule rumande kabla hata shahidi mmoja hajasikizwa wakamkalisha kwenye ndoo wakamnyoa kwa wembe mkavu. Nilipoenda kumuona alikuwa kajifunga shati kichwani, hataki nimuangalie. Baadaye kesi ikatupwa, ushahidi hamna, lakini nywele ndo hivyo zishaenda jaani.

Sasa si Mahakama Kuu hapa Kenya ilishasema 2019 kwamba urasta ni dini, ile kesi ya mwanafunzi aliyekatazwa shule kwa sababu ya nywele? Ibara ya 32 ya katiba inalinda imani ya kila mtu, na ya 50 inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Wale wa rumande waliniambia eti ni usafi, chawa, na wala hawakumkagua! Mbona sheikh hanyolewi ndevu? Nimewaandikia barua, wiki ya tatu hii kimya.

Kaka yake, Likoni, Mombasa