Risala ya Kikundi cha Walaji wa Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Haki za Mlaji Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Viongozi wa dini. Mafundi na wafanyabiashara mliohudhuria. Wanachama wenzangu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo, 15 Machi. Tarehe kama hii mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilieleza Bunge la nchi yake kwamba mlaji ana haki nne: usalama, taarifa, uchaguzi na kusikilizwa. Hiyo ya nne ndiyo iliyotukutanisha sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilizaliwa na blenda. Mwanachama mwenzetu anayeuza juisi karibu na kituo cha daladala aliona mota inazunguka lakini visu vimesimama. Fundi alipoifungua alimwonyesha kipira kisichozidi kizibo cha soda, kile kinachounganisha mota na jagi, kikiwa kimelika meno yote. Mota ilikuwa nzima, jagi halikuwa na ufa, na waya haukuwa na hitilafu. Alirudi dukani na risiti yake mkononi kuulizia kipira, akajibiwa, "Mama, hizo hazina spea, nunua nyingine." Wiki iliyofuata walikwenda wanawake kumi na wawili, kila mmoja na risiti yake, wakauliza swali lilelile kwa adabu ileile. Muuzaji, ambaye hatumtaji kwa kuwa leo ni mtu wetu, alimpigia simu wakala wake Kariakoo, na vipira vikaja pakiti nzima. Aliyekwenda peke yake alionekana mlalamikaji. Walipokwenda kumi na wawili, muuzaji aliona oda.

Wataalamu wanauita uchumi wa mzunguko utaratibu ambao bidhaa hutengenezwa ili idumu, itengenezeke inapoharibika, na mwisho malighafi yake irudi kiwandani badala ya kuishia dampo. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe tumelikuta. Kila aliyetumwa dukani utotoni anakumbuka kwamba huruhusiwi kuondoka na soda bila kuacha chupa tupu au pesa ya chupa, na kreti ilirudi kiwandani imejaa. Chupa ile haikurudi kwa sababu tulikuwa na uchungu wa mazingira kuliko watoto wa leo. Ilirudi kwa sababu masharti ya biashara yalimfaidisha anayeirudisha. Blenda, feni na simu hazina masharti ya namna hiyo, na hapo ndipo tunapoona kazi ya vikundi vya walaji: kuyadai masharti hayo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Wenzetu wa Ufaransa wamelifikisha jambo hili mbali. Chama cha kiraia kinachopinga bidhaa zilizotengenezwa ili zisidumu, Halte à l'Obsolescence Programmée, kilipeleka malalamiko mwishoni mwa 2017 kuhusu simu za iPhone zilizopungua kasi baada ya kusasishwa programu, na mwaka 2020 kampuni ya Apple ilikubali kulipa faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja. Kuanzia 1 Januari 2021, mnunuzi wa simu, kompyuta mpakato au televisheni nchini humo alianza kuoneshwa alama, kati ya 10, ya urahisi wa kuitengeneza.

Hata hivyo, Mheshimiwa, si kila kinachorudi kwenye mzunguko ni cha kushangilia, na tusiposema hivyo tutakuwa tumemdanganya mlaji tunayemtetea. Dumu lililobeba kemikali huoshwa kwa sabuni, likajazwa mafuta ya kula. Simu iliyotumika husafishwa kioo ikauzwa kwa bei ya mpya, betri ikiwa imechoka. Kwa hiyo wanachama wetu huuliza mambo mawili, kama kitu kinatengenezeka na kilikuwa kimebeba nini hapo awali, na majibu huandikwa katika daftari la kikundi lililo wazi kwa mkazi yeyote.

Kuhusu mifuko ya plastiki hatuna la kuongeza sana. Ilipigwa marufuku Tanzania Bara 1 Juni 2019 na mifuko yenye masikio ikatoweka, ila vifungashio laini visivyo na masikio vimechukua nafasi yake sokoni, nasi tunakwenda na vikapu.

Changamoto zetu ni kwamba wateja wengi hawadai risiti, hivyo hawana pa kushika wanapodai waranti, na kwamba mota zilizoungua huchomwa moto nyuma ya nyumba ili kupata shaba ya kuuza kwenye vyuma chakavu, moshi wake ukiingia madarasani.

Tunakuomba, ukiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, utupatie kibanda kimoja sokoni ambapo mafundi watatengeneza vifaa mbele ya wateja na vilivyokufa vitakusanywa bila kuchomwa. Tunaomba pia utufikishie Tume ya Ushindani (FCC) ombi la kuja kutufundisha namna ya kuandika malalamiko yanayokamilika. Blenda iliyotajwa ipo mezani kwako, na juisi uliyokaribishwa nayo imesagwa humo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi