Mhariri, tuwekeeni saa za maji kupwa na kujaa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Siku hizi ukipita Coco Beach au Kunduchi au kule Kigamboni, hasa asubuhi ya siku ya pili baada ya sikukuu, hukosi kukuta kijana au wawili wamevaa hedifoni wanapitisha detekta, ile mashine ya kugundua vyuma, juu ya mchanga, wanatafuta pete, cheni na sarafu zilizowadondoka waogeleaji. Wengine mashine wametoka nazo kwenye dhahabu huko Chunya na Geita, kwa hiyo kuzitumia wanajua, lakini bahari hawaijui, na ndicho kinachonifanya niandike.

Juzi kati nilimuona mmoja Kunduchi kasimama juu ya fungu la mchanga mbali kabisa na ufukwe, kainama, anachimba, hedifoni masikioni. Maji yalikuwa yameshaanza kujaa, na watu wa bara wengi hawajui kwamba maji hayaji kwa mbele tu, yanazunguka nyuma yako yanajaza mkondo ulio kati yako na nchi kavu wakati fungu ulilosimama bado kavu kabisa. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kutafuta pweza alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, yule kijana hasikii, mpaka akaja mvuvi na ngalawa ndio akamchukua. Alipanda analia. Kosa lake jamani sio uzembe, ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia siku ile ni bamvua, yaani maji yanakupwa sana na kujaa sana kuliko siku nyingine.

Kwa ambao hawajui, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio tunapata bamvua, na hapa Dar tofauti ya maji kupwa na kujaa inapita mita 3. Siku za maji mafu, zile mwezi ukiwa nusu, tofauti inaweza kuwa kama mita 1 tu. Bamvua yetu ina tabia yake, maji yanakauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi na yanajaa saa kumi jioni, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa mtu wa detekta anaipenda bamvua kwa sababu inamfungulia mchanga ambao siku nyingine uko chini ya maji, ila bamvua hiyo hiyo ndiyo inarudi kwa kasi, hasa saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kujaa, hapo yanapanda haraka kuliko muda wowote. Mtu akijua saa ya kukauka anaingia maji yakiwa bado yanatoka, anayafuata taratibu kwenda chini, na yakianza kugeuka na yeye anageuka. Basi. Hiyo tu ingetosha kuokoa watu.

Na sio usalama peke yake, hata hicho wanachokitafuta kinategemea upepo na mawimbi. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mawimbi yanaula ufukwe na kuusukuma mchanga kwenda kaskazini, na kaskazi ikiingia mchanga mwingine unarudi. Sasa nenda asubuhi baada ya siku mbili tatu za wimbi kubwa, utakuta ufukwe umekatika kama ngazi, ukuta wa mchanga unafika magotini, na chini ya ule ukuta kuna mstari wa kokoto, vipande vya kombe na mchanga mnene. Hapo ndipo pa kupitisha sahani ya detekta, maana wimbi limebeba mchanga mwepesi likaacha vitu vizito, utaona shilingi mia imeshikana na kutu na zile risasi za kuzamishia nyavu vyote mahali pamoja. Ukikuta ufukwe umejaa mchanga laini, mweupe, umelala tambarare, ujue umeletwa juzi na vitu viko chini sana, nenda nyumbani kapumzike.

Kuna na suala la mashine kupiga kelele hovyo. Mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, detekta ya masafa mamoja (frikwensi moja) italia kila hatua, inabidi upunguze ukali wake na uisawazishe upya pale pale kwenye mchanga mbichi, sio kule juu pakavu. Kigamboni ndio zaidi maana kuna mchanga mweusi mzito, kule Fungoni wamepima wakakuta madini mazito ya ilimenaiti na zirkoni, na ule mchanga mweusi ukisogeza sumaku unaganda. Watu wanachimba mashimo bure wakidhani wamepata, na mashimo hawafukii, watoto wanavunjika miguu.

Halafu sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo ukikutana na sarafu ya zamani kule Kilwa au Kunduchi kwenye magofu sio ya kwako kuuza, toa taarifa, na maeneo ya magofu usiingie na detekta kabisa bila kibali.

Ombi langu sasa Mhariri. Mamlaka ya Hali ya Hewa kila mara inatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, na kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 walitutangazia mapema kabla hakijafika Mafia. Lakini hizo tahadhari ni za siku mbaya. Siku za kawaida, ambazo watu wanazama kimya kimya, mtu anapata wapi habari? Gazeti lenu linaweka hali ya joto ya mikoa, linaweka ratiba ya mpira mpaka ligi za Ulaya, hamkosi pa kuweka mistari minne ya bahari: maji kupwa saa ngapi, kujaa saa ngapi, wimbi mita ngapi, upepo unatoka wapi. Wavuvi wataisoma, wakina mama wa pweza na mwani wataisoma, wenye kupeleka watoto kuogelea wataisoma.

Na mkiiweka tafadhali iandikeni kwa saa zetu za Kiswahili, asubuhi na jioni. Majedwali ya kwenye simu yanaandika kupwa 10:20, kijana anasoma saa kumi na dakika ishirini, anajipanga aende jioni, na siku ya bamvua saa kumi na dakika ishirini jioni ndio maji yamejaa mpaka juu.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam