Mwandishi wa skripti awe na kitabu chake pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu kazi ya uandishi wa filamu. Mwandishi wa makala ile aliwaasa vijana wachague jambo moja na kulishikilia, akidai kwamba mwandishi wa skripti anayetunga vitabu na kuendesha blogu anatawanya nguvu zake. Mimi ninayeishi kwa kazi hiyo naona kwamba ushauri huo, pamoja na nia yake njema, unawapotosha vijana.

Skripti ikishauzwa, kwa kawaida huwa si mali tena ya aliyeiandika. Mikataba mingi humpa mtayarishaji hakimiliki yote, na kuanzia hapo anaweza kumwajiri mtu mwingine aiandike upya, akamfuta mhusika, akabadilisha mwisho, au akaifungia kabatini isitengenezwe kabisa, na hili la mwisho huzipata skripti nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwandishi amelipwa, ndiyo, lakini hana kazi ya kumwonyesha mtu. Kwa kitabu mambo ni tofauti: mara nyingi hakimiliki hubaki kwa mtunzi, mrabaha humfikia kadiri nakala zinavyouzwa, na mhariri hupendekeza mabadiliko badala ya kuyaamuru (ingawa wanaoamuru nao wapo).

Kuna pia suala la ufundi. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na ndani yake haliandikwi jambo lisiloonekana wala kusikika. Huwezi kuandika kwamba mjane anajutia ugomvi wake wa mwisho na marehemu mumewe, kwa sababu kamera haioni majuto. Utaandika kwamba anaichukua simu, anaitafuta namba ya marehemu, anaipiga, anaikata kabla haijaita, kisha anailaza simu kifudifudi mezani. Aliyezoea nidhamu hiyo akirudi kwenye riwaya huacha kueleza yale ambayo tendo limekwisha kuyasema. Naye anayetoka kwenye riwaya huingia kwenye skripti akiwajua wahusika wake kwa undani, hata kama nusu ya anayoyajua haitatamkwa na mtu. Sioni nguvu zilizotawanyika hapo.

Mifano haikosi. William Goldman alianza na riwaya, akaandikia filamu na kutwaa tuzo mbili za Oscar, na riwaya akaendelea kuziandika kwa miaka mingi. Diablo Cody alikuwa na blogu. Mtayarishaji mmoja akaisoma, akamshawishi ajaribu skripti, na mwaka 2008 skripti yake ya kwanza ikampatia Oscar. Tena waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani walipogoma mwaka 2023, kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba, kazi ya skripti kwa kampuni kubwa ilisimama, lakini mgomo haukugusa riwaya. Aliyekuwa na kitabu mkononi aliendelea kukiandika.

Kuhusu blogu nakubaliana na mwandishi wenu nusu. Blogu hula muda, malipo yake ni haba, na inayotangaza tu kazi za mwenyewe haina msomaji. Isitoshe, mwandishi aliyetia saini ya kutunza siri za mradi hana ruhusa ya kuusimulia humo, hata kwa mafumbo. Lakini inayofafanua kazi yenyewe, kama ile aliyoianzisha mwandishi wa skripti John August mwaka 2003, humjengea mwandishi wasomaji ambao hawezi kunyang'anywa na mtayarishaji yeyote.

Ningeomba gazeti lako limwalike mwanasheria wa hakimiliki atufafanulie mikataba ya skripti, hasa kifungu cha haki ya mwandishi kuitoa hadithi yake kama kitabu. Vijana wengi hutia saini bila kukiulizia, na baada ya saini hakuna tena nafasi ya kukijadili.

Wasalaam,
Mwandishi wa skripti na msomaji wako