Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Habari ya Mkeka

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na kwa wote hamjambo. Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, karatasi zake anazo. Mimi nitawapa habari za saa yetu ya hadithi ya watoto wadogo na wazee wao pale maktaba, hapa Mombasa.

Nianze na kosa. Januari tulitangaza kwamba watoto waje Jumamosi, saa tatu asubuhi. Tulibandika karatasi mlangoni, tukatuma ujumbe kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi, tukakung'uta mikeka. Wiki ya kwanza walikuja watoto wanne, wawili kati yao wajukuu zangu. Wiki ya pili wakaja wajukuu zangu peke yao. Tukaanza kunong'ona kwamba wazazi wa siku hizi vitabu hawavitaki, mpaka bi mmoja wa Majengo akatuuliza, "Kwani nyinyi hamjui kuwa saa hizo watoto wako chuoni?" Sisi wenyewe, mimi nikiwa wa mbele, tumelelewa na madrasa za Jumamosi asubuhi! Tulitazamana tukaona haya.

Jumapili asubuhi nayo wengine wako kanisani. Basi tukahamia Jumamosi saa nane mchana, watu wameshaswali adhuhuri na wameshakula, na tukahakikisha kila kitu kimekwisha kabla ya alasiri. Jua la saa nane la mji huu mnalijua. Lakini ndani mna feni, na mama wengi walisema hiyo ndiyo saa ambayo nyumbani mtoto halali wala halaliki. Mkeka ukaanza kujaa. Machi, kwa kuwa ilikuwa Ramadhani, tulisimamisha uji na kazi za mikono, tukabakiza hadithi moja fupi. Kwa mwaka 2026 Ramadhani inatarajiwa kuingia katikati ya Februari, kwa hivyo kamati isipange jambo zito mwezi huo.

Sasa nije kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo halikututoa hata shilingi. Tulikataa mtoto kuachwa. Mwanzoni mzazi alikuwa anamsukuma mtoto mlangoni, huyoo, Marikiti. Simlaumu, soko ni soko. Ila mtoto wa miaka mitatu akiachwa na watu asiowajua hulia, akilia mmoja wanafuatia watano, na hadithi imekwisha. Tukasema: anayekuja na mtoto anakaa naye mkekani, awe mama, baba, dada au nyanya. Viti tukaviondoa makusudi, maana mtu mzima akipata kiti hukaa ukutani na simu yake.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukulitazamia. Wapo waliokuwa wakikimbia si kwa ajili ya soko. Nyanya mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi hivyo vitabu sivijui kusoma. Nitakaa hapo nifanye nini?" Nikamwomba atufungulie tu kikao. Akakaa vizuri, akavuta leso yake begani, akaita, "Paukwa!" Watoto kimya. Hawakujua la kujibu. Walioitikia "Pakawa!" ni mama zao na nyanya wenzake, kwa kishindo mpaka mkutubi akachungulia. Akawapa hadithi ya Sungura na Fisi, na kila mkeka ulipotulia sana alitega kitendawili. Nanasi lilitajwa siku ile mara sijui ngapi, kwa sababu kila mtoto alitaka kuwa yeye wa kumwambia mwenzake kuhusu kuku aliyetagia miibani.

Tangu siku hiyo tunaanza hivyo: hadithi ya mdomo kutoka kwa mmoja wa wazee, kisha kitabu kimoja tu, kisha mikono ifanye kazi. Fedha tulizokuwa tumetenga kumlipa msimuliaji tulizigeuza zikawa za karatasi na wino. Na mtoto aliyekwisha kucheka na hadithi ya mdomo hukaa vizuri kwa ile ya kitabu. Hata hivyo, kwa wale wadogo kabisa, dakika ishirini ndizo mwisho. Mwanachama yeyote anayetaka kuwasomea kurasa arubaini ajue atabaki akijisomea mwenyewe.

Karatasi na wino tulivitumia hivi. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake ni huria: waruhusiwa kunakili na hata kutafsiri, mradi majina ya waliozitunga yabaki. Tulichapa kwa wino mweusi, tukakunja, tukatia pini za stepla, watoto wakapaka rangi wenyewe. Kila mtoto akaenda nyumbani na kitabu chake. Kwa nyumba ambayo haina kitabu chochote cha hadithi, hicho ndicho cha kwanza, na mwenye nacho amekitengeneza kwa mkono wake.

Kikao kilichochangamka kuliko vyote kilikuwa cha kanga. Tuliwaomba kina mama waje na kanga zao, tukazitandaza sakafuni, watoto wakatafuta herufi za majina yao katika yale maandishi. Wakubwa kidogo waliwasomea wadogo jina zima la kanga. Kisha kila mama akaeleza alipewa na nani, au aliinunua amfikishie nani ujumbe. Hapa kicheko kilikuwa cha watu wazima peke yao, na maelezo mengine tuliyakata katikati kwa heshima ya watoto. Hatukununua chochote siku ile.

Kwa upande wa vitabu vya msaada sitaficha. Tuliletewa maboksi kutoka ng'ambo, tukashukuru, tukafungua. Theluji, theluji, tena theluji. Mtoto mmoja aliuliza kama hiyo ni chumvi. Vyenye picha nzuri tumevibakiza, tunavitungia maneno yetu. Vilivyobaki vinakula nafasi ya rafu. Pendekezo langu ni kwamba mwakani anayetaka kutusaidia tumwambie mapema tunachotaka, bila kuona aibu.

Na mabuyu. Wanachama, kurasa nyekundu mmeziona. Mtoto anakula mabuyu nje, ananawa, ndipo anashika kitabu. Hii ni sheria, na inawahusu pia wajumbe wawili wa kamati ambao sitawataja.

Kilichotushinda ni nauli. Anayetoka Likoni feri anavuka bure kwa miguu, lakini akishatua kisiwani bado kuna matatu, na mama mwenye watoto watatu anapiga hesabu mara mbili. Kamati inaona tusingoje watoto waje mjini, bali mara moja kwa mwezi mkeka uende kwao, na sanduku la vitabu, kwenye baraza la shule ya chekechea au kivuli cha mbuyu. Garissa vitabu vimebebwa na ngamia tangu 1996. Sisi tuna tuktuk. Tutaiandikia serikali ya kaunti. Katika Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, maktaba ni kazi ya kaunti, na elimu ya chekechea vilevile. Kwa hiyo barua yetu itagusa mambo mawili yaliyo mezani kwao tayari, na hatuendi kuomba sadaka.

Kwa mwakani basi: tukikubaliana leo, mkeka wa kwanza wa Likoni utandikwe likizo ya Aprili, masika yakituruhusu. Tunahitaji wazee watatu wenye hadithi na mtu mmoja mwenye mashine ya kuchapa. Mikeka miwili imefumuka ukingoni. Anayejua kushona ukili anione kabla hatujatawanyika.